Kuta Nyeusi za Chiku

Wapo waliosema Chiku alikuwa mchafu. Wafunge midomo yao, maana hawajui walisemalo. Katika kitongoji chote kile cha upande wa Msamala, mwendo mfupi tu kutoka boma la Mdachi hapo Songea, hapakuwa na mwanamke aliyejua kuivalisha nyumba kwa ndani kama yeye. Wenzake walikandika fito kwa udongo mwekundu wakaridhika. Chiku alikuwa na kijivu chake.

Alifundishwa na mama mkwe wake mwaka ule alioolewa. Walishuka pamoja hadi ukingo wa mto Ruhila kuchimba udongo mweupe, wakauanika, wakautwanga kwenye kinu kibovu, wakauchekecha. Wakatia majivu ya magunzi, kidogo tu, kwa sababu ukizidisha unapata rangi ya jiko. Mwisho wakamimina uji mwepesi wa mahindi ili rangi ishike, isije ikampaka mtu mgongoni kila anapoegemea. Ukuta ukishakauka husuguliwa kwa jiwe laini la mtoni mpaka mkono uteleze. Kilikuwa kijivu kilichopauka, cha baridi, kama ukungu wa mwezi wa Juni juu ya milima ya Matogoro. Jua la Oktoba lilipounguza nje mpaka mbwa wakatoa ndimi, ndani kwa Chiku ulidhani umeingia kisimani.

Mumewe, Sefu, akitoka shambani alikuwa akiegemeza mgongo kwenye ukuta ule, ananyoosha miguu, anasema, "Hapa sasa mtu anapumua." Alikuwa mtu wa maneno machache, na hizo ndizo zilikuwa sifa zake zote kwa mkewe. Chiku hakutaka nyingine. Marehemu baba yake Sefu alikuwa mpagazi wa misafara ya Kilwa, ndiyo maana wanawe wawili aliwapa majina ya pwani: mkubwa Sefu, mdogo Majaliwa. Lakini jina zuri halimfanyi mtu kuwa mzuri. Huyo mdogo utamjua sasa hivi.

Vita vya Maji Maji vilipoingia Ungoni, Sefu alinyweshwa dawa pamoja na wenzake, akachukua mkuki na ngao, akaenda. Chiku alimshika mkono mama mkwe, ambaye macho yalikuwa yameanza kumfifia, wakakimbilia milimani Matogoro kujificha. Waliposhuka, miezi mingi baadaye, hawakuitambua nchi. Mdachi alikuwa amechoma nyumba, amechoma maghala, amechoma hata mahindi yaliyosimama shambani, ili ambaye hakufa kwa risasi afe kwa njaa. Hebu niambie, ni mtu gani huyo anayechoma chakula? Simba mwenyewe akishiba humwacha swala apite.

Kitongoji chao ndicho kilichoachwa kimesimama. Majaliwa alikuwa amejisalimisha mapema, naye akapewa cheo cha ujumbe: kofia nyekundu, na ruhusa ya kuwachapa viboko watu wa kwao mwenyewe. Akawa anatembea kifua mbele kati ya nyumba za wenye njaa. Chiku alipomwendea kumuuliza habari za mumewe, Majaliwa alitazama pembeni.

"Amevuka Ruvuma, shemeji," alisema. "Yuko kwa Mreno pamoja na wenzake. Mambo yakitulia atarudi."

Chiku akarudi nyumbani akaiacha nyumba yake ipigwe na moshi. Kwao pale desturi ilikuwa hivyo, na kila mwanamke aliijua. Mume akiwa hajulikani alipo, kuta za ndani hazipakwi. Akirudi, mke huzipaka siku hiyohiyo kwa vigelegele. Akithibitika kufa, kuta hubaki na masizi yake mpaka mwaka wa msiba uishe, ndipo mjane anapozipaka kwa mkono wake, na hapo matanga yameanuliwa. Anaweza kuolewa. Kwa hiyo masizi yalipanda nyumbani kwa Chiku, kwanza juu ya mafiga, kisha ukuta mzima, mpaka kile kijivu kikamezwa. Watu wasio na haya wakasema mwanamke amekuwa mchafu. Kumbe alikuwa anasema kwa kuta zake kila siku: mume wangu yu hai.

Sasa akaja Ombasha Salum.

Huyu alikuwa askari wa Mdachi mwenye cheo cha koplo, mtu wa Manyema, mwenye ndevu zilizochongwa na viatu visivyo na vumbi. Askari wenzake walikuwa wakijichukulia wanawake kama wanavyojichukulia kuku, na hakuna aliyewauliza. Salum alijiona bora kuliko wao. Alitaka mke wa ndoa, na nyumba nzuri karibu na boma, na mwalimu asome hotuba ya ndoa, ili kesho asije akaambiwa amekula mke wa mtu. Majaliwa akanusa bahati. Ombasha akiwa shemeji yake, nani atamvua ile kofia nyekundu?

"Yupo mwanamke," akamwambia. "Na nyumba yake hakuna mfano. Mumewe alikufa njiani kwa kuhara damu. Ngoja tu amalize msiba. Hapa kwetu siku utakapoziona kuta zimepakwa, ujue aliyezipaka ni mjane aliye huru. Huyo ni halali yako."

Basi Ombasha akawa anapita mlangoni kwa Chiku, anainama, anachungulia kuta. Anaziona nyeusi. Anaondoka. Siku nyingine tena anapita. Chiku alikuwa akikaa ndani na mwiko mkononi, anamtazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyejikunja kizingitini.

Majaliwa akaja na maneno matamu. "Shemeji, paka nyumba. Uchafu huu unatuaibisha."

"Atakaporudi kaka yako nitaipaka."

"Mwaka umepita na mwingine unaelekea kuisha. Anayekawia hivi ni mfu."

"Nionyeshe kaburi."

"Chiku! Hivi huoni wenzako wanakufa? Ombasha ana unga. Ana nyama. Mama yangu naye atakula. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Basi ubusu wewe," Chiku alisema. "Midomo unayo."

Majaliwa aliondoka akiwa amekunja ndita, na tangu siku hiyo akaacha kubembeleza. Mtu wa namna ile akinyamaza, chunga mgongo wako.

Wakati huo chakula kilikuwa ming'oko. Wanawake walikwenda mbali porini kuchimbua mizizi hiyo, na kila wiki ilikuwa mbali zaidi, maana ya karibu ilikuwa imekwisha. Jumbe ndiye aliyepanga nani aende na nani abaki kuteka maji ya boma. Asubuhi moja Majaliwa alimpa Chiku ruhusa ya kwenda bila kuombwa. Chiku angepaswa kushangaa. Lakini njaa haikuachii nafasi ya kushangaa. Alichukua jembe na kikapu akaenda.

Alirudi jua likiwa limeinama. Kabla hajafika mlangoni alisikia harufu ya uji. Moyo ukamruka kwa furaha, kwa sababu unga wa mahindi ulikuwa haujaonekana katika nyumba ile tangu waliposhuka milimani. Akafikiri, nani ametukumbuka? Akaingia.

Nyumba ilikuwa ya kijivu. Kuta zote nne, kutoka chini hadi kwenye mapaa, zilikuwa zimepakwa, bado zina unyevu, zimepauka na kupoa kama zamani. Na pale kona, mama mkwe wake alikuwa amepiga magoti, ameshika ukuta kwa mikono miwili, anaulamba.

"Mau," Chiku aliita, jina walilomwita mama kwa lugha ya kwao. "Mau, unafanya nini?"

Kikongwe akageuka, rangi imemjaa kidevuni. "Una uji ndani yake, mwanangu," alisema kwa aibu. "Niliusikia tu kwa harufu. Samahani."

Chiku aliweka kikapu chini polepole. Kuna hasira inayokuja na makelele, na hiyo hupita kama mvua ya radi. Hii haikuja hivyo. Ilimpanda kutoka tumboni palipokuwa patupu. Bakuli zima la unga. Watoto wa jirani matumbo yamewavimba kwa njaa, mama mzaa chema hana cha kutafuna, na mtu amechukua unga akausiriba ukutani ili askari apate mke! Alimfuta mama mkwe kidevu kwa ncha ya kaniki yake. Hakulia. Angelia mbele ya nani?

"Nani kapaka?"

"Zena," alisema kikongwe. "Mumewe alisimama mlangoni na kiboko mpaka akamaliza. Alikuwa analia. Nilimwambia, Zena, ukuta wa msiba haupakwi na mkono wa jirani, aliyepaka ndiye mfiwa. Akaniambia, najua mama, lakini yeye hajui."

Zena alikuwa mke wa Majaliwa, mwanamke mdogo, mpole, mwenye mtoto mgongoni. Desturi ile ilikuwa ya wanawake. Wanaume waliona kuta tu. Waliona zimepakwa wakajua matanga yamekwisha, wala hawakuwahi kujiuliza habari za mkono, kwa sababu haijawahi kutokea katika kitongoji kile mwanamke kupaka kuta za msiba wa mwenzake. Ni mpumbavu gani angejiita mjane na mumewe yupo? Majaliwa alikuwa amekulia katika nyumba ile ile, akiona mama yake akipaka mwaka hadi mwaka, na bado hakujua alichokuwa akikiona.

Asubuhi Ombasha alikuja. Safari hii hakuinama kuchungulia. Alikuja na mwalimu wa bomani na askari wawili na mbuzi, na Majaliwa mbele yao amevaa kanzu. Kitongoji kizima kilitoka, maana mbuzi alikuwa hajaonekana kwa muda mrefu. Zena alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mikono ameificha ndani ya nguo.

"Kuta ndizo hizo, Ombasha," Majaliwa alisema akiusukuma mlango. "Msiba umekwisha. Nilikuahidi."

Salum akaingia ndani, akapitisha kiganja juu ya ukuta, akatabasamu. Kwa kweli ulikuwa ukuta mzuri. Akatoka nje akamsalimia Chiku kwa heshima kamili, kama bwana harusi.

Chiku hakuitikia salamu yake. Alimgeukia na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliosimama nyuma kabisa: "Ombasha, shemeji yangu bila shaka alikueleza desturi yetu. Ukiona kuta zimepakwa, aliyezipaka ndiye mjane aliye huru. Siyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na ndivyo ilivyo. Waulize wanawake wote hawa."

Wanawake wakaitikia. Wengine walikuwa wameshaanza kuelewa.

"Basi mimi sikupaka," Chiku alisema. "Zena, mwenzangu, onyesha mikono."

Zena alimtazama kwa hofu. Kisha akaitoa mikono. Kijivu kilikuwa kimemkauka kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole, kimepasukapasuka, kila mtu akakiona. Na Chiku hakuwa anatania. Usimfanye malaika. Kwa kitambo kile alikuwa radhi huyo mwanamke mpole achukuliwe yeye, mbele ya macho ya mumewe, ili Majaliwa naye aonje. Hivyo ndivyo hasira inavyomfanya mtu.

"Huyu ndiye mjane," Chiku alisema. "Amepaka kwa mkono wake. Mumewe huyu hapa mwenye kanzu. Huyu ndiye maiti. Mchukue mkewe, Ombasha, na sisi tumzike."

Kicheko kikatoka kwa watu, kicheko kibaya, cha watu waliokaa muda mrefu bila kucheka. Ombasha hakucheka. Alikuwa askari, na askari hushika amri jinsi ilivyotolewa. Alimtazama Zena kutoka kichwani hadi miguuni. Zena alikuwa kijana kuliko Chiku. Mwalimu akakohoa. Mmoja wa wale askari wawili akasogea hatua moja kuelekea kwa Zena, labda kwa mzaha, labda siyo.

"La!" Majaliwa alipiga kelele. "La, Ombasha, huyu ni mke wangu! Mimi ni mzima! Ni huyo mwingine ndiye mjane, wallahi, huyo mumewe kafa kweli! Nilimwona kwa macho yangu akitundikwa!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini Chiku hakufurahi kumwona mle ndani. Alikuwa amemtegea adui yake mtego, na mtego ulikuwa umemshika yeye vilevile. Miezi yote ile alikuwa akitazama njia ya Ruvuma. Kila mtu mrefu aliyetokea kule, moyo wake ulikwenda kumpokea. Alishika mhimili wa mlango.

"Ulimwona wapi?" aliuliza.

Majaliwa alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, amechelewa.

"Ulimwona wapi, Majaliwa?"

"Bomani," alisema. "Siku ile Mdachi alipowanyonga wapiganaji. Wamezikwa shimo moja."

Ombasha Salum akamgeukia polepole. "Uliniambia alikufa njiani kwa kuhara damu."

Salum alisimama akihesabu jambo kichwani, na uso wake ukabadilika. Siku ile bomani yeye alikuwa zamu. Alikuwa miongoni mwa walioshika bunduki kuwazunguka waliofungwa, na kila aliyekuwa pale uwanjani alijua hivyo. Alimtazama Chiku, akatazama mikono yake, ile ambayo ingempikia ugali na kumtilia maji ya kunywa kila siku ya maisha yake.

"Jumbe," alisema, "ulitaka nilale nyumba moja na mwanamke ambaye mimi nimemfanya mjane. Ulitaka nile chakula chake." Akatema mate. Akamwambia askari amkokote mbuzi. Wakaondoka na mwalimu wao, na yule Majaliwa wa kofia nyekundu hata kuagwa hakuagwa.

Sasa mama mkwe alitoka ndani. Alitoka akipapasa ukuta, akapita kando ya Chiku, akasimama uwanjani akitafuta kwa macho yasiyoona sawasawa mahali alipo mwanawe.

"Sefu alikuwa mkimya," alisema. "Hakuwa mkubwa wa vita, hakuwa nduna wa kuongoza watu. Mdachi angemjuaje kati ya watu wote wale? Nani aliyemwonyesha?"

Majaliwa alitazama chini.

"Nimekuuliza, mwanangu. Mimi ndiye niliyewazaa nyote wawili. Nani aliyemnyooshea kidole?"

"Walitaka majina, mama," Majaliwa alisema. "Walisema nikitoa majina kitongoji hakitachomwa. Nyumba zote hizi zimesimama kwa sababu hiyo. Hata hii."

Watu walizitazama nyumba zao. Chiku naye aliitazama yake, ile aliyoiacha ipigwe na moshi kwa uaminifu, akaelewa bei yake, na akaichukia nyumba ile kama alivyomchukia mtu aliyeinunua. Angetaka irudi majivu leo hii, na Sefu awe ameketi juu ya majivu hayo amenyoosha miguu.

Majaliwa akapiga magoti. Machozi yalianza kumtoka, akafungua kinywa, maana kwao kilio cha kwanza cha mfu huangushwa na mtu wa damu yake, na baada ya baba damu ya karibu ya Sefu ilikuwa yeye. Alivuta pumzi alie.

"Nyamaza," Chiku alisema.

Alikuwa ameachia mhimili. Alimwendea mpaka akasimama juu yake.

"Wewe usilie. Ulikuwa na siku nyingi za kumlilia, ukazitumia kunitafutia mume. Ulijua, ukaniangalia nikingoja. Katika msiba huu wewe si mfiwa. Hutaketi kwenye mkeka wetu, hutanyoa nywele, hutataja jina lake. Ondoka uende bomani ukalie huko, kwa ndugu zako."

"Chiku, ni kaka yangu."

"Alikuwa."

Majaliwa alimgeukia mama yake. Kikongwe alikuwa amegeuza uso. Akamgeukia mkewe. Zena alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, na kwa mikono yake yenye kijivu alikuwa ametandika mkeka mbele ya mlango wa Chiku. Akamketisha mama mkwe. Akaketi karibu naye, akajifunga kaniki kiunoni, akafungua kinywa akaangusha kilio cha kwanza cha Sefu, kirefu, cha juu, kama vile alikuwa wa damu yake. Wanawake wa kitongoji wakakipokea, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtu wake asiyejulikana alipo. Chiku akaketi kati yao, na hapo ndipo alipolia, huku akimtazama Majaliwa anavyouvuka uwanja peke yake na kofia yake mkononi, hajui aende upande gani.